Majira na Majonzi: Kufundisha Taswira ya Kiangazi katika Nyimbo za Huzuni

Katika kufundisha nyimbo na mashairi kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, hapana jambo linalompa mwanachuo taabu kama taswira. Vina vyahesabika, mizani yahesabika, na maneno magumu yana kamusi yake. Lakini mwalimu anapofika penye mstari usemao kwamba theluji imefunika njia, na mtoto wa Darasa la Sita akanyoosha mkono kuuliza kwa nini mwimbaji analia, aghalabu jibu huwa ni moja: "Theluji ni alama ya huzuni." Watoto huliandika katika madaftari yao, na siku ya mtihani hulirudisha kama walivyopewa. Hakuna aliyedanganywa waziwazi, ila pia hakuna aliyefundishwa kitu.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo atakayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha aweze kulijibu swali la mtoto yule. Nitatumia mfano wa Tabora na njia ya zamani ya misafara, kwa kuwa ni mfano ulio karibu nasi, na kwa kuwa unaonyesha jambo ambalo vitabu vya fasihi hulipita upesi mno. Jambo lenyewe ni hili: majira hayawi alama ya huzuni kwa sababu ya baridi yake au ukavu wake peke yake. Huwa alama hiyo kwa sababu ya mambo wayafanyayo watu katika majira hayo, yaani nani yuko nyumbani, nani yuko njiani, na nani alitazamiwa kurudi.

Msafiri katika theluji

Tuanze na nchi ambako baridi ni baridi kweli. Mwaka 1827 Franz Schubert, mtungaji wa muziki wa mji wa Vienna, aliyatia sauti mashairi 24 ya Mjerumani Wilhelm Müller. Mkusanyiko huo unaitwa Winterreise, yaani Safari ya Majira ya Baridi. Schubert mwenyewe alifariki mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 31. Habari inayoimbwa ni fupi. Kijana aliyepoteza mapenzi yake anaondoka usiku, anapita mlangoni pa nyumba ya msichana, kisha anashika njia kwa miguu katika theluji. Hatuambiwi anakwenda wapi. Machozi yake yanaganda shavuni. Anatafuta katika theluji nyayo za msichana yule, mahali walipotembea pamoja wakati majani yalipokuwa mabichi. Katika wimbo wa 11 anaota maua ya Mei, na anapoamka anaona kwamba maua yaliyopo ni yale tu yaliyochorwa na baridi kwenye kioo cha dirisha. Wimbo wa mwisho unatuonyesha mzee mpiga kinanda, amesimama miguu mitupu juu ya barafu nje ya kijiji, wala hapana mtu anayemsikiliza.

Mwanachuo asiyeyajua maisha ya huko atasema: baridi inauma, na huzuni inauma, basi vitu viwili vimefanana. Asemalo ni kweli, lakini ni nusu ya habari, tena ile nusu nyepesi. Katika vijiji vya Ulaya ya wakati ule, majira ya baridi yalikuwa majira ya kukaa ndani. Ardhi imeganda, hakuna kulima. Mifugo imefungiwa zizini. Jamaa wameuzunguka moto. Mtu anayetembea peke yake wakati huo ni mtu asiye na moto wa kuuzunguka. Katika mojawapo ya nyimbo hizo anapita kijijini usiku, mbwa wanambwekea, na wenyeji wamelala vitandani mwao. Hapo ndipo majonzi yalipo. Theluji inamwonyesha msikilizaji kwamba kila mtu ana mahali pake isipokuwa huyu mmoja. Mtoe msafiri njiani, umketishe karibu na moto pamoja na watoto wake, na theluji ile ile iliyoko nje itageuka kuwa jambo la kufurahia. Nyimbo nyingi za Krismasi za huko huisifu kwa sababu hiyo hasa.

Kiangazi cha Unyamwezi

Sasa turudi kwetu. Tabora iko kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hatuna majira manne ya Ulaya, wala hatuna mvua mbili kama watu wa pwani wenye masika na vuli. Tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kutoka Novemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni mikavu. Asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi ya kumfanya mtoto achelewe kutoka kitandani. Oktoba jua huwa kali kupita miezi mingine. Miombo hupukutisha majani, moto hupita nyikani, na vumbi huingia hata chunguni. Kwa kutazama kwa macho tu, kiangazi chetu ndicho kinachofanana na baridi ya Ulaya: miti mitupu, ardhi ngumu, maji haba. Mwalimu mwenye haraka angeweza kuondoa theluji, akaweka kiangazi mahali pake, akadhani kazi imekwisha. Asifanye hivyo kabla hajawatazama watu.

Katika karne ya 19 Tabora, pamoja na Unyanyembe yote, ilikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyokwenda baina ya Bagamoyo na Ujiji. Kutoka pwani hadi Tabora ni mwendo wa kilomita 800 hivi, na mpagazi aliutembea na mzigo begani au kichwani, mara nyingi wa frasila mbili, yaani kama kilo 32, na pengine zaidi ikiwa ni pembe. Kirangozi alitangulia, ngoma na barghumu zikalia, na watu wakaimba, kwa maana mzigo usioimbiwa ni mzito zaidi. Wanyamwezi walijulikana katika kazi hiyo kuliko watu wengine wote wa bara. Desturi ya wengi wao ilikuwa kuondoka baada ya mavuno, mvua zilipokatika na njia zilipokauka, wakashuka pwani, na kurudi kabla au mwanzoni mwa mvua mpya ili wawahi shamba. Si wote waliofuata kalenda hiyo. Biashara ilipokua walipatikana waliofanya upagazi mwaka mzima, na katika misafara walikuwamo wanawake na watoto. Hata hivyo mwendo wa mwaka kwa wengi ulikuwa ndio huo: kiangazi ni njia, masika ni shamba.

Mwanachuo aone mabadiliko yaliyotokea. Katika Ulaya ya Müller, majira yenye miti mitupu ndiyo yanayokusanya watu nyumbani. Katika Unyamwezi ya wapagazi, majira yenye miti mitupu ndiyo yanayowatoa. Ikiwa ni hivyo, kiangazi kwa nyumba ya Kinyamwezi kilikuwa wakati wa upweke, lakini upweke wenye matumaini. Nyumba jirani nayo ilikuwa na pengo kama hilo. Mke, mama au mtoto aliweza kusema: hayupo, kwa kuwa ni wakati wa kutokuwapo. Uchungu wenyewe ulikuja baadaye, wingu la kwanza lilipotanda. Waliokuwa hai walirudi. Majembe yalitolewa, watu wakaingia shambani wawili wawili na watatu watatu. Na palikuwa na nyumba ambayo mtu wake hakurudi, kwa kuwa ndui ilimkuta njiani, au kuhara, au njaa, au vita. Hakukuwa na barua wala kaburi la kuonyeshwa. Mvua, ambayo kwa kila mtu ilikuwa neema, kwa nyumba hiyo ndiyo iliyoleta habari.

Kwa hiyo ukiwatafuta wenye huzuni katika picha ya majira yetu, usiwatafute kwenye vumbi tu. Watafute pia kwenye tope la mvua ya kwanza. Msafiri wa Schubert anasikitisha kwa kuwa anatembea wakati wenziwe wamo ndani. Mpagazi asiyerudi anasikitisha kwa kuwa hayumo wakati wenziwe wamekwisha rudi. Hali ya hewa imepinduka kabisa, na bado mwenye huzuni ni yule ambaye majira ya wenzake si majira yake.

Njia hiyo haikuwa ya mizigo ya biashara peke yake. Walipita mateka waliouzwa pwani, ambao kwao hapakuwa na msimu wa kurudi. Jina la Bagamoyo watu hulifasiri kwa namna mbili: bwaga moyo, yaani tua mzigo upumzike, au uache moyo wako hapa, kwa kuwa nyumbani huendi tena. Maneno ni yale yale. Aliyebadilika ni msemaji. Ilipita pia maiti ya David Livingstone, aliyefariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliikausha juani, wakatembea nayo miezi ya kiangazi, wakafika Unyanyembe Oktoba, na Bagamoyo Februari 1874. Shule zilizo karibu na Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, zaweza kuwapeleka watoto kuiona nyumba aliyokaa Livingstone, na huko somo la historia na somo la Kiswahili yataungana bila kulazimishwa.

Ubeti wa kufundishia

Kwa ajili ya somo nimetunga ubeti mmoja, si kwa kuwa ni ushairi wa kusifiwa, bali kwa kuwa mwalimu anahitaji kitu kifupi cha kuandika ubaoni:

Kiangazi kimefika, vumbi tele uwanjani,
Mizigo imefungika, baba yumo safarini,
Miti imepukutika, jua lawaka kichwani,
Mawingu yakifunika, nani yupo mlangoni?

Mizani ni nane kwa nane na vina havikupotea, lakini hayo tuyapite. Tazama kwamba neno huzuni halimo, wala machozi, wala kifo. Mistari mitatu ya kwanza inaeleza mambo ya kila mwaka, ambayo mtoto yeyote wa Tabora angeweza kuyasema bila simanzi. Ni mstari wa nne unaoyageuza. Mawingu yamekuja, na badala ya shangwe pana swali. Msikilizaji ajuaye kwamba baba hurudi na mvua huelewa mara moja. Asiyejua hataelewa hata akiambiwa maana ya kila neno. Ndiyo sababu mwalimu hawezi kuifundisha taswira kwa kamusi.

Yafaa mwanachuo ajue pia kwamba taswira huchakaa maisha yanapobadilika. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya misafara mirefu ikafa. Vijana wakaanza kupanda gari moshi kwenda kwenye mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba, na mkataba wa mkonge haukujali jembe la nyumbani lilitakiwa mwezi gani. Mwenye kungoja hakuweza tena kuhesabu kwa mawingu. Na kwa watu wa pwani hesabu ilikuwa nyingine tangu zamani: kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni, kusi huyarudisha, na aliyeachwa ufukoni huulaumu upepo. Mtoto wa Urambo akisoma katika kitabu kwamba kusi limevuma na moyo umevunjika, anahitaji kuelezwa sawasawa na anavyohitaji kuelezwa theluji. Ugeni hauanzii Ulaya.

Baridi, joto na lugha yenyewe

Pana tatizo jingine, na hili limo ndani ya Kiswahili chenyewe. Katika lugha nyingi za Ulaya ya kaskazini joto ni upendo na baridi ni mauti. Kwetu mambo hayakwenda hivyo moja kwa moja. Aliyefiwa husemwa kwamba moyo wake unaungua, au kwamba amepatwa na moto. Akifarijiwa, tunasema amepoa. Tunampoza mgonjwa, tunapoza ugomvi, na maji ya baridi katika jua la Oktoba ni rehema. Mwalimu akitafsiri kwa pupa kwamba "moyo wake ulikuwa baridi", mtoto aweza kufahamu kwamba mtu huyo ametulia. Nimeona tafsiri za namna hii katika maandalio ya somo, na mwandishi wake hakuwa mvivu. Aliamini tu kwamba neno likivuka mpaka huvuka na mzigo wake wote. Kwa upande mwingine, baridi ya usiku kwa mtu anayelala peke yake ni picha inayoeleweka kwetu bila taabu, na nyimbo za mapenzi za mijini huitumia. Lakini hapo pia kinacholiza si baridi, ni nafasi tupu kitandani.

Washairi wetu wakubwa hawakuhitaji majira ya baridi ili kuomboleza. Shaaban Robert, aliyeishi kutoka mwaka 1909 hadi 1962, alipomlilia mkewe Amina alichagua picha ya ua. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alichagua majumba ya Pate yaliyobaki magofu, ambamo madaka yaliyopangwa vyombo vya fahari sasa hulala ndege, na popo wamerithi vyumba. Mwanachuo akiufikiria utenzi huo pamoja na Winterreise ataona kwamba nyumba tupu ya Pate na njia yenye theluji hufanya kazi moja: zinaonyesha mahali palipokuwa na watu. Kwa maoni yangu, picha ya Pate ina nguvu zaidi kwa darasa letu, kwa kuwa hakuna mtoto asiyewahi kuona nyumba iliyohamwa, paa limeanguka na nyasi zimeota penye kiwambaza.

Kazi ya darasani

Siku ya somo, usianze na shairi. Anza na majira. Waulize watoto: mwezi huu nyumbani kwenu hufanyika kazi gani? Nani huwapo? Nani huwa hayupo, naye hurudi lini? Majibu yaandikwe ubaoni kwa maneno yao wenyewe. Mmoja atasema kaka yake amekwenda porini kurina asali, mwingine atasema mjomba anahamisha ng'ombe kutafuta malisho, mwingine baba yake yuko mjini na hurudi na treni. Ubao ukijaa, ndipo uandike ubeti, usome mara mbili kwa sauti bila maelezo, kisha uulize swali moja tu: ni nani ambaye angepaswa kuwapo katika mstari wa mwisho? Wakishalijibu hilo, kipindi kinachofuata waweza kuwapa shairi la theluji, ukiwaeleza kwa dakika tano watu wa huko hukaa wapi wakati wa baridi, na kuwauliza swali lile lile. Usipoteze nusu ya kipindi kuchora barafu. Picha ya kilele cha Kilimanjaro yatosha.

Katika darasa lolote la watoto arobaini au hamsini yumo aliyefiwa, na mara nyingi mwalimu wa mazoezi, aliyefika wiki mbili tu zilizopita, hamjui ni nani. Kwa hiyo ni mwiko kumwambia mtoto asimame asimulie msiba wake, hata kwa nia njema, hata kama mkufunzi anayekagua ameketi nyuma na somo limepooza. Sababu ya kuwa na wimbo ni hiyo hasa: wimbo unamsema mpagazi wa zamani, na mtoto anaweza kuingia ndani yake au kubaki nje, bila wenziwe kujua amefanya lipi. Akitaka kusema, atasema kwa kiangazi na kwa mvua. Vilevile usiwatume watoto kuwaomba wazee nyimbo za matanga waje kuziimba darasani. Nyimbo hizo zina wakati wake na wenye haki ya kuziimba. Nyimbo za kazi ni jambo jingine. Waulizwe babu na bibi, hata ziwe za Kinyamwezi, na mtoto aeleze maana kwa Kiswahili. Mwalimu atakayependa kusoma zaidi atafaidika na kitabu cha Frank Gunderson kilichotoka mwaka 2010, kilichokusanya nyimbo za kazi za Usukuma, zikiwamo za wapagazi.

Zoezi la kuandika liwe fupi: mistari minne, isiyo na neno huzuni wala machozi, juu ya mwezi mmoja wa mwaka na mtu mmoja asiyekuwapo. Wengi wataandika kwamba jua ni kali na visima vimekauka, na hiyo ni hatua njema ya kwanza. Lakini mtoto akiandika kwamba mvua imenyesha na jembe la mama limeegemea ukuta pale pale, huyo amekwisha fika. Usimsomee darasani bila idhini yake. Tahajia isahihishwe kwa penseli, si kwa wino mwekundu, na daftari arudishiwe mwenyewe mkononi, lisipitishwe na kiranja.

Somo hili litafaa zaidi likipangwa wiki za mwisho za Septemba au za kwanza za Oktoba. Wakati huo mtundu na miti mingine ya miombo huchipua majani mapya, mekundu kama shaba, mvua ikiwa bado haijadondosha hata tone. Watoe watoto nje saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali, wakatazame tawi moja jekundu katikati ya matawi makavu, nao wakuambie mti huo unamngoja nani.